Maji Matatu ya Bi Tima

Mtu akitaka kujua kanzu ni kitu gani, asiende kumwuliza mwenye duka. Aje kwangu, Shela ya hapa Malindi, nyumba yenye kamba tano uani. Mimi Tima binti Mazin nafua kanzu za mtaa huu mwaka wa thelathini na mbili sasa, na sijapata kurudishiwa hata moja. Basi niseme kweli: nilikuwa sijapata, mpaka mwaka jana.

Kufua kanzu si kusugua tu. Hii ni nguo ya kusimamia mbele ya Mola, yataka iwe twahara, na kwetu twahara ni maji matatu. Ukishaitoa kwenye povu, waisuza maji ya kwanza, wamwaga. Ya pili, wamwaga. Ya tatu ndiyo unayoyatia nili, ule unga wa buluu unaofanya cheupe kiwe cheupe kweli. Halafu kanji ya kuikaza, halafu pasi. Hivyo ndivyo alivyonifunza marehemu mamangu, na alikuwa hakupunguzii hata tone.

Sasa mwaka jana vifundo vya mikono vikagoma. Nikikamua kanzu moja, usiku silali. Daktari akanitazama, akasema, "Bi Tima, ama uache kukamua nguo, ama mikono ikuache wewe." Nilirudi nyumbani nikakaa juu ya beseni nililoligeuza, nikalia. Sioni haya kusema. Sina shamba, sina duka, na mume alikwenda zake zamani. Nina jina moja tu la kujivunia duniani, na jina lenyewe huliona kila Ijumaa migongoni mwa wanaume wa Shela wakielekea msikitini. Kanzu hizo zikienda kwa mwingine, mimi ni nani tena?

Ndipo nikasema, nitanunua mashine. Akiba nilikuwa nayo.

Wa kwanza kuleta ushauri alikuwa wifi yangu Raiya, ambaye hata ukimwuliza saa atakupa na shauri juu yake. Mwanawe alimletea mashine kubwa kutoka Uarabuni, ile ya kufungulia juu. "Nunua kama yangu, wifi," akaniambia. "Yajaa maji mpaka juu! Nguo haitwahariki kwa maji ya kuhesabu."

Nikaenda kwake na mtungi wangu wa lita ishirini, nikaitilia maji mwenyewe. Mtungi wa kwanza, wa pili, wa tano, wa saba. Saba! Nayo ikasuza mara moja tu, ikatema, ikanyamaza. Nikatoa kanzu moja nikaikamua kidogo: povu.

"Raiya," nikamwambia, "hii mashine yako yanywa kama ngamia na kusuza haijui."

Alinuna siku mbili. Lakini mie maji kwangu si mchezo. Bomba letu hufunguliwa mara mbili kwa wiki. Kisima ninacho, lakini kina chumvi. Sabuni haifanyi povu, na nguo nyeupe zageuka rangi ya chai ya maziwa. Siku bomba likikauka nanunua maji ya mkokoteni. Mitungi saba kwa nguo za nyumba moja, si afadhali nikafulie baharini?

Nikaenda dukani. Kulikuwa na kijana mwenye tai, Eugene, mwenye adabu zake. Akanionyesha mashine yenye taa, mashine yenye wimbo, mashine yenye kuzungumza na simu.

"Yatumia mitungi mingapi?" nikamwuliza.

"Mama, hii inajipimia maji yenyewe."

"Ikijipimia yenyewe, yasuza maji mangapi?"

Akacheka. "Mama, hii ni teknolojia. Wewe unabonyeza tu."

Mimi? Nibonyeze tu? Miaka thelathini na moja! Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Na ile mashine ilikuwa ikijitembeza mpaka kwa nyimbo. Nikampa mgongo nikatoka.

Nikakaa na akili yangu. Nikasema, Tima, ukitaka kujua nani ana afya, usiulize arusini, uliza hospitali. Nikaenda Maweni kwa Kyalo, fundi wa friji na mashine, ambaye uwanja wake umejaa mizoga. Nikamwamkia, nikamwuliza moja kwa moja, "Kyalo mwanangu, ni mashine gani zinazokufia hapa, na zafa kwa nini?"

Alifurahi kama mtu ambaye hajapata kuulizwa. Akanizungusha. "Hii, Mama, imeuawa na chumvi ya kisima, pipa limeshika kutu. Hii imeuawa na stima kupanda na kushuka. Hizi tatu hazina ubaya, ila spea hazipatikani, hata Mombasa. Hii yenye nyimbo ubongo wake umeungua, na ubongo ni bei ya mashine nzima."

"Na isiyoletwa hapa ni gani?"

Akanipeleka nyuma ya nyumba yake. Ilikuwako moja ya mlango wa mbele, wa kioo, haina madaha yoyote, pipa lake la chuma kisichoshika kutu. Mkewe aifulia mwaka wa nane. "Hii haijazi maji," Kyalo akasema. "Maji yanakaa chini kidogo, pipa linageuka, nguo zinapanda na kuanguka, zinapanda na kuanguka. Ni kama mtu anafua kwa beseni."

Kama mtu anafua kwa beseni! Hapo moyo wangu ukatulia. Nikamwomba mkewe ruhusa, nikaitilia maji kwa mtungi, nikakaa kitako mbele ya kile kioo nikatazama mwanzo mpaka mwisho. Mashine ina kitufe cha kuongeza kusuza. Tukakibonyeza. Ikasuza, ikamwaga, ikasuza, ikamwaga, ikasuza, ikamwaga. Maji matatu, mbali na yale ya sabuni. Na mitungi? Mitatu na nusu, basi, kwa kanzu tano.

Nikarudi dukani. Ile aina ilikuwako, imesukumwa pembeni, imepangiwa majiko juu. Eugene akaniambia kwa sauti ya chini, "Hiyo watu wa hapa hawaitaki, Mama. Wanasema maji yake ni kidogo."

"Iteremshie majiko," nikasema, "na uiandikie risiti."

Kyalo akaja kuifunga, akaniwekea na kile kisanduku cha kutuliza stima. Siku ya kwanza nilivaa leso mpya kwa ajili ya mashine, nacheka mwenyewe nikikumbuka. Nikapanga ndani kanzu tano, mojawapo ya Mzee Mbaruk.

Mzee Mbaruk ndiye mkubwa wa mtaa wetu. Watu wa ardhi hao, tangu babu zake, na kanzu yake ndiyo ya kwanza niliyopata kuifua kwa ujira, nikiwa msichana. Akikaa safu ya mbele msikitini, mtaa mzima watazama mgongo wake. Akimkubali mtu amekubaliwa. Akimkataa, basi.

Na hapo ndipo mimi, mjuzi wa kanzu, nilipofanya ujinga ambao mtoto wa juzi hangeufanya, kwa sababu mtoto wa juzi hata nili haijui. Nilijua maji ya mwisho yataka nili. Nikaona ile droo ya sabuni ina kijumba cha dawa ya maji ya mwisho. Nikasema, alhamdulillahi, hata mashine imefikiriwa nili! Nikachota unga mkavu, nikautia pale.

Nilipofungua mlango, kanzu tano zilikuwa na madoadoa kama kanga.

Nilipiga ukelele. Nikazianika kwa kuchanganyikiwa, badala ya kuzificha, na nani apite uani wakati ule kama si Raiya, ambaye nilikwisha kumtambia habari ya mitungi mitatu na nusu? "Ala! Wifi, leo wafua kanzu au wachora ramani?" Hakungoja jibu. Miguu yake ilikuwa myepesi kuliko siku zote.

Nilizichukua nikazilowesha kwa ndimu na siki, nikazisugua kwa mkono, vifundo vikilia. Ndimu huila nili. Hata hilo alinifunza mama. Magharibi zilikuwa nyeupe pe. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Asubuhi yake nikampelekea Mzee Mbaruk kanzu yake, safi, nimeikunja, na mjumbe wake akanirudishia mlangoni pamoja na maneno. "Mzee asema nguo zake zisiingie tena kwenye sanduku. Mitungi mitatu kwa kanzu tano si twahara."

Kanzu ikarudishwa mikononi mwangu, ya kwanza katika miaka thelathini na moja. Kufikia Jumatano nyumba saba zilikuwa zimekuja kuchukua nguo zao hata hazijafuliwa. Wengine waliona haya kunitazama, wengine hata haya hawakuona.

La madoa lilikuwa langu, nakiri. Lakini hili la twahara, wallahi, lilinichoma. Mtu ambaye hajapata kusuza hata leso ya mkono aje kunifundisha mimi maji matatu? Alhamisi nikavaa buibui, nikaenda kwake.

"Shikamoo, Mzee Mbaruk."

"Marahaba, Tima." Hakuinua macho.

"Sikuja kuomba kazi. Nimekuja kukuomba macho. Kesho asubuhi njoo kwangu, ukae kitako, uhesabu maji kwa tasbihi yako. Yakipungua matatu, mashine naitoa barabarani mbele ya watu, na kanzu za Shela siziombi tena maishani."

Hapo akainua macho. "Umesema mwenyewe."

"Nimesema mwenyewe."

Usiku ule sikulala, na haikuwa kwa vifundo. Nilikuwa nimeliweka jina langu lote kwenye mashine ambayo ilikuwa kwangu siku tisa.

Ijumaa saa mbili asubuhi akafika, na kanzu yake ya kila siku, fimbo na tasbihi. Nilikuwa nimemwekea kiti mbele ya kioo. Mpira wa kutolea maji niliutoa kwenye shimo, nikauelekeza kwenye ndoo nyeupe miguuni pake, ili kila maji yanayotoka ayaone. Nikafungua mlango nitie nguo za majaribio.

"Ngoja," akasema. "Siwezi kuhukumu kwa nguo ya mwingine."

Akasimama, akaivua kanzu aliyoivaa, akanikabidhi. Akakaa tena, fulana na kikoi, mzee wa ardhi zote zile, mlango wangu u wazi na watu wapita. Habari ikaenea mbio. Raiya alikuwa wa kwanza kufika, na nyuma yake nusu ya mtaa, wote wamejifanya walikuwa wakipita tu.

Pipa likageuka. Kanzu ikapanda, ikaanguka. Maji ya sabuni yakatoka ya kijivu. "Hayo siyahesabu," akasema, nami nikajibu, "Hata mimi siyahesabu." Nikamwaga ndoo. Yakatoka maji ya kwanza, yana ukungu wa sabuni, naye akasukuma punje moja ya tasbihi. Ya pili, mepesi. Akasukuma punje. Ya tatu yakatoka nikaona chini ya ndoo vizuri, hata ule ufa wake mdogo. Mzee akainama, akachota kwa kiganja, akanusa, akayasugua kwa vidole kuona kama yateleza. Hayakuteleza. Akasukuma punje ya tatu, akaikunja tasbihi kiganjani.

Watu wakasogea kuitazama ile ndoo, Raiya mbele yao.

Mimi sikungoja neno. Nikafungua mlango, nikaitoa kanzu. Beseni langu lilikuwa tayari, na nili nimeiyeyusha kwa mkono mwangu, nimeichuja kwa kitambaa, kama inavyotakiwa. Nikaichovya mara moja, nikaigeuza, nikaitoa. Haikuhitaji kukamuliwa sana, mashine ilikwisha kuikamua. Kanji nyepesi. Jua la saa nne likaifanyia kazi yake, na pasi nikaipiga nguo ikali na ubichi kidogo. Mzee Mbaruk akangoja na kikoi chake, akinywa kahawa yangu. Nilimkabidhi kabla ya adhana, akaivaa. Akaaga kwa kichwa tu, akaenda zake.

Nikabaki na pasi mkononi, sijui nimeshinda au nimeshindwa.

Baada ya sala wanaume hupita chini ya dirisha langu wakirudi. Nikasikia sauti ya mmoja ikisema, "Mzee, kanzu yako leo yaumiza macho! Ndiyo ile mashine?"

Na sauti ya Mzee Mbaruk, pale pale chini ya dirisha, kwa nguvu, kama mtu anayetaka asikiwe na nyumba fulani: "Mashine imechota maji tu. Kanzu hii kaifua Tima binti Mazin."

Nilikaa chini. Nililia kwa mara ya pili mwaka ule, na kilio hiki kilikuwa kitamu.

Alasiri mabunda yakaanza kurudi. Nyumba ya kwanza, ya tatu, ya saba, na mwisho Raiya mwenyewe, na shuka zake kichwani, macho chini. Niliwakaribisha wote, nikawapa na kahawa. Lakini mabunda niliyapanga pale kizingitini, yaonekane na kila apitaye, nikawaambia mashine yapumzika Ijumaa na wangoje mpaka Jumatatu.