Harufu Katika Chumba cha Kahawa

Mume wangu Anaclet alikuwa na pua kali kuliko mbwa, na pua hiyo ndiyo iliyotuvua nguo.

Shamba letu liko nje kidogo ya Bunia, upande wa barabara ya Bogoro. Ni kipande kidogo cha mibuni kwenye mteremko. Zamani tulichanganya kahawa yetu na ya majirani, ikaenda zake. Kisha Katsuva, mnunuzi kutoka Butembo, aliionja akasema isichanganywe tena: tuchume mbivu tupu, tuanike juu ya meza, tuiweke peke yake, naye ataiuza kwa jina la shamba letu. Akaonya kwamba kahawa hunywa harufu. Ukiiweka karibu na kitunguu, petroli au moshi, imekwisha.

Tangu siku ile Anaclet aliipa kahawa chumba cha watoto, na watoto tukalala nao. Hata mimi nikitoka jikoni alinitaka ninawe kwanza. Nilimcheka. Nilijivunia pia, sifichi. Vita ilikuwa imetunyang'anya mengi, na hapa palikuwa na kitu chetu ambacho watu wa mbali wangekijua kwa jina.

Vita ilipofika Tchomia, kule kwa wavuvi ziwani, dada mkubwa wa Anaclet, Clémence, alikuja kwetu. Huyu ndiye aliyemlea Anaclet mama yao alipofariki. Alimbeba mgongoni naye mwenyewe angali msichana, na hata ukubwani Anaclet alimwita yaya, yaani dada mkubwa. Aliingia uani mchana, mvua inanyesha, na wajukuu wawili, na kikapu cha samaki wa moshi kichwani. Samaki wale ndio mali yote aliyookoa.

Nilitandika mkeka katika chumba cha kahawa, maana nafasi nyingine haikuwepo. Anaclet akasimama mlangoni.

“Yaya, mule hapana. Samaki iko nanuka, na nguo zenu ziko na moshi. Kawa inakamataka arufu mbio. Mulale ku kikoni.”

Jiko letu lilikuwa paa la nyasi juu ya miti minne, halina ukuta.

“Kawa iko ndani, siye inje?” Clémence aliuliza. Hakuwa na hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kuelewa kazi asiyoijua.

“Ni kungojea tu Katsuva afike, yaya.”

Nilimvuta mume wangu pembeni nikamwambia, mgeni njoo mwenyeji apone, na huyu wala si mgeni, ni mama yako. Akaniuliza kama nataka kazi ya mwaka mzima itupwe. Nilipogeuka, Clémence alikuwa ameshajitwika kikapu chake.

“Batu ya Tchomia iko ku kambi, karibu ya uwanja ya ndege,” alisema. “Tutaenda kule. Mubaki muzuri, mudogo yangu.”

Alimshika Anaclet begani, akatoka na wajukuu mvuani. Mimi nilishindwa kumtazama usoni.

Katsuva hakufika, barabara zilifungwa. Zilizofika ni risasi, na mtaa mzima ukakimbilia uwanja wa ndege, walikokuwa askari wa Umoja wa Mataifa. Nilibeba mtoto na sufuria, wakubwa wakanifuata. Anaclet alibeba gunia moja la kahawa, lile bora. Mvua ilitukuta njiani. Kambini tulipita turubai baada ya turubai, kila mahali pamejaa, na kusema kweli nilikuwa naomba tusimkute Clémence. Yeye ndiye aliyetuona.

“Ingieni. Kawa mbele, isilowane.”

“Hapana, yaya,” Anaclet alisema. “Gunia itabaki inje.”

Clémence hakumsikiliza. Alilivuta gunia mwenyewe, akaliweka juu ya mkeka aliokuwa akilalia. Kisha akachukua kikapu kilichokuwa pembeni, akampa mjukuu wake.

“Peleka samaki inje. Kawa ya babu yako inakamataka arufu mbio.”

Nilimchungulia machoni nitafute kejeli, sikuipata. Alikuwa amesikia sharti la kazi ya mdogo wake, akalishika, basi. Mtoto akatoka na kikapu, na mvua ikaanza kuwapiga samaki wale. Clémence akasogea, akatuonyesha mahali pakavu. Anaclet alisimama wima, maji yakimchuruzika, nami nilisimama nyuma yake. Angetutukana, tungeweza kuketi.