Mraba wa Tepu Kwenye Kona

Kocha Brandvold alibandika tepu ya bluu sakafuni, kwenye kona ya uwanja wa mpira wa kikapu, ukawa mraba wa kusimama mtu mmoja. Huyo mmoja alikuwa mchezaji wake, Kendrell Oates, na alikuwa ameshauchukia mraba ule hadi rangi yake.

Asubuhi hiyo meneja mkuu wa timu, Bibi Halvorsen, aliketi pembeni na kahawa yake. Mazoezi yakiisha angeamua: Kendrell aongezewe mkataba, au afungashe virago arudi mjini kwao Gary kwa mama yake.

"Dogo, leo usinitie aibu," kocha alisema. "Kaa kwenye mraba. Mpira ukikufikia, rusha. Usipokufikia, tulia."

"Nitulie mpaka lini, kocha? Huu mwaka wa tatu natulia."

"Tunakuza kipaji chako, bwana."

Kendrell nusura acheke. Timu ilimchagua mapema, kabla ya chipukizi wengi, kwa ajili ya pasi zake. Watangazaji walidai ana macho kisogoni. Mwaka wa kwanza akaambiwa anenepe. Wa pili akaja kocha mwingine, akaambiwa apungue. Wa tatu wakambadilishia namna ya kurusha, kiwiko hivi, vidole vile, hata akawa anakosa mitupo aliyoifunga tangu utotoni. Kisha wakamwegesha kwenye kona kama ufagio.

Filimbi ikalia. Wenzake wakazungusha mpira, wakakwama, wakarusha ovyo. Mara ya pili, yale yale. Mara ya tatu Kendrell aliona njia ya kikapuni, wazi kama mlango wa kanisa Jumapili, na hakuna aliyeitumia. Damu ikamchemka.

Akatoka kwenye mraba. Akadai mpira, akaupenyeza katikati ya mabeki wawili bila hata kutazama, na Pruitt, lile jitu la timu, akaudumbukiza kikapuni.

"Ulikuwa wapi siku zote hizi, kaka?" Pruitt aliuliza.

"Kwenye kona."

Kocha akapuliza filimbi mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. "Rudi kwenye mraba."

Kendrell alirudi kweli. Akainama, akaibandua tepu yote, akaiviringa, akaenda kuiweka kando ya kahawa ya Bibi Halvorsen.

"Mkitaka kusema sikukua, semeni," alisema. "Ila semeni na mahali mliponipanda."

Bibi Halvorsen aliitazama tepu, kisha akamtazama Kendrell. "Unajua nitakachoamua?"

"Najua, bosi. Lakini mazoezi hayajaisha."

Akarudi uwanjani, akasimama katikati, akapiga makofi. Pruitt akamrushia mpira.