Shangazi wa Kitabuni

Tangu Muhiba aanze kuwasomea wanawake kile kitabu, Mwanasiti hakuwa na raha. Kila siku baada ya alasiri, mabibi wa Shauri Moyo walijaa uani kwake, huyu na kitambaa cha kufuma, yule na mchele wa kuchagua, wasikilize habari za msichana yatima na shangazi yake mbaya. Na Muhiba ni nani? Si yatima wa marehemu kaka yake Mwanasiti, anayelelewa naye? Basi hapo ndipo penye kazi.

Mwanasiti hakuwa mjinga, tusimpunje haki yake. Msahafu aliuhitimu zamani. Lakini herufi za kizungu hakuzijua hata moja, na angejuaje kama binti anasoma yaliyomo au anatia chumvi yake? Shangazi wa kitabuni alificha sukari. Yeye naye aliificha. Muhiba akimwigiza huyo wa kitabuni aliongea puani, kama Mwanasiti mwenyewe, na Lela, jirani, akajiinamia kuficha kicheko.

“Huyu mtunzi kamjulia wapi mtu kama huyu?” aliuliza Mwanasiti.

“Ni mhusika tu, shangazi. Wa kubuni.”

“Wa kubuni, na anaficha sukari?”

“Hapo mtunzi anatuonyesha ni mchoyo bila kututajia.”

Jibu hilo likamzidishia wasiwasi. Kumbe vitabu husema bila kusema! Kikulacho ki nguoni mwako, akajisemea.

Alikuwa na lake, ndiyo maana. Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, wazee wa Muhidin, fundi cherehani wa Gikomba, walikuja kumposa Muhiba. Mwanasiti akawanywesha kahawa, akawaambia binti kashachumbiwa na binamu yake Mombasa. Uongo mtupu. Muhiba ndiye aliyekanda mahamri yanayolisha nyumba. Akiolewa, nani atakanda? Binti hakuambiwa kitu, na akijua leo atafunga virago.

Alhamisi, kitabu kikafika pabaya. “Hodi ilipigwa,” Muhiba alisoma. “Shangazi akafungua, na alipowaona waliosimama mlangoni, uso ukamshuka. Akawaambia, ‘Binti hayupo.’” Akalowesha kidole afunue ukurasa.

Mwanasiti akaona wote wanamtazama yeye.

“Funga hicho kitabu,” alisema. “Usinisute mbele za watu. Haya, wazee wa Muhidin walikuja kukuposa, na niliyewarudisha ni mimi. Nimekulea tangu hujaota meno. Nilitaka ukae nami kidogo tu.”

Lela akaacha kufuma. Muhiba alifunua ukurasa, akausoma kwa sauti ndogo: waliopiga hodi walikuwa wasichana wa jirani, wamekuja kumwita yatima waende naye ngomani. Kisha akakifunga kitabu.

“Sikujua kama walikuja,” alisema. “Nilidhani Muhidin hanitaki. Bi harusi wake nilimpaka hina mimi, shangazi. Na wewe ndiye uliyenituma.”