Ukuta Niliounywesha Maji

Miaka thelathini nimepiga lipu Kibondo hii, na siku zote nalowesha ukuta kwanza. Ukuta mkavu hunyonya maji ya saruji, lipu ikaachia. Hata kibarua wa wiki moja analijua hilo. Ndiyo maana asubuhi ile, kabla ya kubandika kile kitambaa cha nyuzi za kioo, nilichukua ndoo nikaumwagia ukuta maji. Mkono ulitangulia, akili ikabaki nyuma.

Ulikuwa ukuta wa zege wa nyuma ya duka la Siti, ndio pia unaozuia udongo wa kilima, nao ulikuwa na ufa mrefu. Injinia Saady alileta kitambaa cha kuushikilia na makopo mawili ya gundi, akanionyesha namna ya kuchanganya, akasema ukuta uwe mkavu, kisha akaondoka kwenda kwenye kazi nyingine Kasulu. Nilimwitikia tu ndiyo, ndiyo. Mimi Niyonkuru nifundishwe ukuta!

Siku ya tatu akapiga simu.

"Hukuumwagia maji kama wapiga lipu, eh?" akacheka. "Gundi ile haipatani na maji. Kitambaa kitakaa juu tu, hakitashika kitu."

"Ulikuwa mkavu, injinia," nikasema, na hapo hapo nikaikumbuka ndoo.

Jana yake, kazi ikiwa imekwisha, Siti alikuwa amemrudisha mama yake, Bi Mwanahawa, kwenye chumba cha nyuma. Bibi hatembei, na kitanda chake kimeegemea ukuta ule. Na mawingu yalikuwa yameshajaa upande wa Kitahana.

Nilikimbia. Siti alikuwa dukani anapima maharage; nikampita nikisema nakagua kazi. Chumbani nikatoa sarafu, nikagonga kitambaa kama Saady alivyonionyesha. Juu pakalia ko, ko, sauti ya kitu kilichoshika. Nikashuka. Usawa wa kitanda pakalia debe tupu. Nikagonga kushoto, debe tupu. Kulia, debe tupu.

"Hapo pamekuwa pakisema tangu jana, fundi," Bi Mwanahawa akasema. "Tik, kimya, tik. Nikamwambia Siti. Akanijibu ukuta wa Niyonkuru hauna maneno."

Niliogopa, sifichi. Niliogopa ukuta, na niliogopa jina langu, na kwa muda, Mungu anisamehe, hofu ya jina ilikuwa kubwa zaidi. Nilikuwa natafuta uongo wa kusogezea kitanda. Mvua ikapiga mabati. Vumbi jembamba likadondoka kwenye mto wa bibi.

"Bibi, niliulowesha ukuta. Nimekosea. Tutoke."

Akanitazama. "Nibebe basi. Maneno baadaye."

Nikambeba mgongoni, nikimfokea Siti aache mizani atoke. Tulikuwa tumefika barabarani ukuta ulipolala. Haukupiga kelele nyingi. Uliguna, kisha udongo wa kilima ukaingia chumbani wote.

Watu wakajaa. Siti analia, ananishika kichwa, akavua kanga yake ya juu akanifunika mabega nisilowe. "Fundi amejuaje? Jamani, Mungu amemtuma!" Mtu akaniletea kipande cha kitambaa kilichochomoza kwenye kifusi. Nikakigeuza. Upande wa gundi ulikuwa safi, hauna hata punje ya zege. Kingekuwa kimeshika, kingetoka na nyama ya ukuta. Hakuna aliyejua kukisoma pale ila mimi, na ningeweza kukitupa mtaroni.

Bi Mwanahawa, amekalishwa kwenye kreti ya soda, alinitazama tu.

"Siti," nikasema. "Ukuta umeanguka kwa sababu yangu. Niliumwagia maji, nilishaambiwa uwe mkavu. Na leo injinia aliponiuliza, nikamdanganya."

Akamtazama mama yake, akakitazama chumba. Kisha akanyoosha mkono, akaichukua kanga yake mabegani mwangu, taratibu, akaenda kumfunika mama yake.