Macho Kwenye Shuka

Mageni alikuwa amepiga magoti, anapuliza moto wa mavi ya ng'ombe, maana upande ule wa Maganzo miti ilikwisha zamani, aliposikia hodi. Alikuwa Scolastika, binti wa sinema kutoka Dar es Salaam, na mpiga picha wake, Marcel.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mayu," Mageni aliitika, akimwita mama kwa Kisukuma. "Karibu, kama moshi hautakufukuza."

Scolastika alikuwa anatengeneza filamu ya historia ya wanawake. Ilikuwa mwaka themanini na tano, na wakubwa walikuwa wamewakumbuka wanawake ghafla. Alitaka kusikia bibi huyu alivyolima pamba tangu enzi za Mwingereza. Mageni akasimulia mpaka akamaliza. Kisha, bila kuulizwa, akatoa lililomkaa kooni tangu mavuno.

"Na hili mlichukue. Limi, shoga yangu, alikatwa mapanga kitandani. Walisema macho yake mekundu, ni mchawi. Nani hapa anapika bila moshi huu? Angalieni yangu! Shamba lake sasa analima Mwenyekiti Theonest. Langu limepakana nalo. Anayefuata ni mimi."

Marcel akasogeza kamera karibu kabisa na uso wake. Scolastika alikuwa anajifuta machozi.

"Watakusikia, mama. Mpaka wakubwa watakusikia."

Mageni akaishi kwa ahadi hiyo. Limi alikuwa bado anakuja kukohoa nyuma ya nyumba, kikohozi chake kilekile kikavu, na Mageni hakushangaa. Mtu ameuawa na hakuna aliyeulizwa, aende wapi?

"Vumilia, shoga," alimwambia kupitia ukutani. "Sinema inakuja."

Gari la sinema likaja kweli, na Marcel peke yake. Shuka jeupe likatundikwa kwenye ukuta wa ghala la pamba. Giza lilipoingia kijiji kizima kilikuwa kimekaa chini, isipokuwa Theonest, aliyeletewa kiti. Mageni alikaa mbele na khanga yake ya kutokea.

Akajiona. Midomo yake ilikuwa inatamka jina la Limi, lakini sauti iliyotoka ilikuwa ya mwanamume, Kiswahili cha redioni: "Mama huyu ni shahidi wa hatua kubwa aliyopiga mwanamke wa Tanzania." Ngoma zikafuata. Uso wake ukakua ukajaza shuka, kisha yakabaki macho matupu, makubwa kama nyungo, mekundu.

Mtoto mmoja akapiga ukelele. Mama yake akamfunika uso.

Mageni akamwendea Marcel penye mashine. "Maneno yangu yako wapi?"

"Yalikatwa mjini, mama," Marcel alisema, hamtazami. "Walisema yanachafua nchi. Scolastika alibisha, wakamwondoa kazini."

Nyuma yao Theonest akakohoa kidogo, kwa adabu.

"Kijana, hebu irudishe pale. Watu wa nyuma hawajamwona vizuri mama yetu."

Marcel akasita.

"Mgeni wangu, hapa kijijini mwenyekiti ni mmoja. Irudishe."

Mashine ikakoroma. Macho yakarudi ukutani, makubwa vilevile, lakini safari hii hakuna aliyeyatazama. Watu wote walikuwa wamegeuka, wanamtazama Mageni.