Wa Kumi

Katika kusanyiko lile la Wayahudi wa ughaibuni watu hawahesabiwi kama mbuzi. Mila ya Kiyahudi hairuhusu, lakini bila watu wazima kumi sala nyingine hazisomwi, kwa hiyo Lenny, kiongozi wao, alipita kati ya viti akihesabu kwa kukanusha: "Si mmoja, si wawili, si watatu." Kwa miaka miwili Terry, Myahudi kutoka Nyandarua, ndiye aliyekuwa "si kumi". Alipoingia akitoka zamu ya hotelini, watu walishusha pumzi, wakacheka, wakamvutia kiti. Utamu wa kungojewa hausimuliki.

Kisha akaja Lois, naye Myahudi, wa Mbale, Uganda, mwenye sauti ya kumtoa nyoka pangoni. Viti vikaanza kuvutwa kwa ajili yake. Terry alimwonea kijicho, tena kijicho chenye meno, na alijua hivyo. Alijiambia kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Moyo ukamjibu kwamba huyu amekuja kuvuna alipolima mwingine.

Sala zilifanyika majumbani, leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule, na mahali hapakutangazwa. Kila Ijumaa mchana Terry ndiye aliyemtumia kila mtu ramani kwa simu. Ijumaa hii, zamu ikiwa ya Madam Zelda kule mtaa wa Discovery Gardens, aliwatumia wote isipokuwa Lois. Wangetimia bila yeye, na Terry angeingia wa mwisho.

Aliingia wa mwisho kweli. Lenny akapita. "Si wanane, si tisa." Akasimama. Mtu mmoja alikuwa amekwama Abu Dhabi.

Madam Zelda aliketi polepole. Siku hiyo ulikuwa umetimia mwaka tangu mumewe afariki, na Kadishi, sala ya wafiwa, haisomwi na tisa.

"Lois hayuko?" aliuliza.

"Labda yuko kazini," Lenny alisema, akamgeukia Terry.

Simu zote zilikuwa zimeshawekwa kapuni kwa ajili ya Sabato, ambapo simu haziguswi, kando ya mishumaa iliyosubiri kuwashwa. Terry angenyamaza, nani angejua? Angebaki yule wa kungojewa. Lakini mjane alikuwa ameifunika picha ya mumewe kwa kiganja, mithili ya mtu anayeikinga na baridi, na Terry akaona aibu hata masikio yakamwaka moto. Akatia mkono kapuni mbele ya wote, akatoa simu yake, akamtumia Lois ramani.

Lois hakukawia. Alikuwa amepanga chumba mtaa huohuo, na alikuwa amevaa tangu alasiri, akingoja.

"Si kumi," Lenny alisema, na ile furaha aliyoijua Terry ikamwendea mwenzake. Ilimuuma, hata sasa.

Lois akaketi kando yake. "Asante, dada. Nilidhani umenisahau."

"Sikukusahau," Terry alisema. "Nilikunyima."

Lois alimtazama, kisha akatazama mbele. Mishumaa ikawashwa, nyimbo zikaimbwa bila sauti ya Lois. Hatimaye Madam Zelda alisimama, akaanza Kadishi, na ilipofika pa kuitikia, amina ya Terry ilitoka peke yake upande ule wa chumba. Ya Lois ilichelewa, lakini ilikuja.