Kitambaa cha Mama Mkwe

Jumanne, tarehe kumi na nne Machi mwaka 2017, saa nne kasorobo asubuhi, nilisema maneno matatu ambayo mpaka leo nikiyakumbuka naangalia chini, hata nikiwa peke yangu jikoni.

Wafanyakazi wote wa Hoteli ya Motu Lani tuliitwa mgahawani. Hoteli hiyo iko San Diego, imeegemea maji, na waliijenga mwaka 1961 mabwana ambao hawakuwahi kukanyaga hata kisiwa chetu kimoja. Jina lenyewe nusu la Kitahiti, nusu la Kihawaii. Mimi ni Msamoa. Niliajiriwa mwaka 1978 kufunga nguzo za paa kwa kamba za makumbi, nikaishia kuwa fundi wa kila kitu, mpaka yale maporomoko ya maji ya uongo pale mlangoni. Shule niliiacha darasa la sita, lakini paa nililolifunga halikuwahi kuachia.

Mbele yetu alisimama mama mmoja mbunifu, Bi Whitlock, aliyeletwa kusimamia ukarabati. Pembeni yake meneja, Bwana Dahl, na shati lake la maua.

"Tunataka kuheshimu historia," alisema yule mama. Akatugawia stika za njano. "Kitu chochote chenye maana kwenu, kibandikeni. Kitahifadhiwa."

Ignacio, mwenzangu wa mabomba, akanisogelea. "Mzee Aukuso, nibandike mimi kwenye paji la uso. Kitu cha kale humu ndani ni mimi."

"Wewe utahifadhiwa stoo," nikamwambia.

Tulicheka, tukabandika ovyo. Mimi stika zangu niliziweka kwenye taa ya samaki bunju aliyekaushwa na kwenye kinyago cha plastiki kilichonunuliwa dukani Los Angeles. Kile chenye maana sikukigusa.

Chenye maana kilikuwa juu ya kaunta ya baa: kitambaa cha gome la mti, sisi tunakiita siapo, kirefu kuliko gari. Mama mkwe wangu alilibeba gome lile kutoka Samoa kwenye ndege mwaka 1979, akakipaka rangi na binti zake wawili, mke wangu Sinapati na mdogo wake Luaipou, wiki sita kwenye chumba cha chini cha kanisa letu. Walikitoa zawadi kwa hoteli kwa sababu hoteli ilitupa kazi. Sinapati alihudumia meza chini ya kitambaa kile miaka ishirini na sita. Alipofariki, Luaipou alinishika mkono makaburini akaniambia, "Shemeji, siku wakibomoa, kazi ya mama irudi nyumbani." Nikasema itarudi.

Kwa nini basi sikubandika? Kwetu kitu ukishakitoa zawadi hukinyooshei kidole tena. Aliyepokea ndiye anayetakiwa kusema thamani yake, na akiona hakitaki, ndiye anayetakiwa kukirudisha kwa heshima. Bwana Dahl alikijua kitambaa kile. Kwenye msiba wa Sinapati alisimama mbele ya watu akasema sisi ni familia. Nikamsubiri aseme. Alikuwa anaangalia simu.

Bi Whitlock ndiye aliyeinua macho. Kitambaa kilikuwa kimekula moshi wa sigara na mafuta ya jikoni, kimekuwa rangi ya chai.

"Na hiki kilichochakaa ni nini?" akaniuliza. Watu wote wakanitazama. Bwana Dahl naye akainua kichwa, akatabasamu kama mtu anayechelewa mahali.

Nikaona nikisema ni cha mama mkwe wangu, nitaonekana ninaomba. Mzee wa miaka sitini na nne anaombaomba mbele ya wasichana wa mapokezi.

"Ni pambo tu," nikasema.

Alhamisi nikaletewa karatasi ya kazi: pambo la ukutani, lishushwe. Nikapanda ngazi mwenyewe. Nikakikunja taratibu, nikakifunga kwa kamba ya makumbi, nikakisimamisha karibu na mlango wa jikoni. Gari langu lilikuwa hatua ishirini tu. Lakini kuchukua bila kuambiwa ni wizi, na kuomba nilishashindwa Jumanne. Nikajiambia Bwana Dahl akipita saa sita, atakiona, ataona haya, atasema mwenyewe, "Aukuso, chukua."

Nikaitwa ghorofa ya pili kufunga maji. Niliporudi, mlangoni hapakuwa na kitu, na kontena la taka lilikuwa limeshaondoka.

"Vijana wamebeba vyote vya hapo, mzee," Ignacio alisema. "Nilidhani umeruhusu."

Nilimfuata Bwana Dahl ofisini. Akafungua daftari la stika. "Hakikubandikwa, Aukuso. Na imeandikwa hapa, pambo." Hakuniomba hata nikae. Watu wa namna hii ndio hukabidhiwa vitu vya wenzao, na kosa likitokea, karatasi yao daima ni safi.

Sikumwambia Luaipou. Nilimwambia kitambaa kiko kwa mafundi, kinasafishwa. Mwaka mzima nikadanganya.

Hoteli ikafunguliwa upya Mei ya mwaka uliofuata. Mlangoni wameweka bango la shaba kusema urithi umelindwa. Taa yangu ya bunju iko ndani ya kioo, na maelezo yake, na mwanga wake. Luaipou akaja na akina mama watano wa kanisani, wamevaa nguo za Jumapili, kukiona kitambaa cha mama yake. Juu ya kaunta kulikuwa na kioo kitupu. Mimi nilikuwa nimejificha kwenye chumba cha pampu.

Luaipou akakikuta chooni. Bi Whitlock alikuwa amekipiga picha kabla hakijashushwa, akachapisha michoro ile kwenye karatasi ya ukutani ya vyoo, vya wanawake na vya wanaume. Luaipou alikuwa ananawa mikono, akainua kichwa, akaona kazi ya mkono wa mama yake juu ya mashine ya kukaushia.

Alinipigia simu. "Shemeji, bado kinasafishwa?" Akakata.

Jumamosi, jua linachomoza, niliendesha mpaka kwake Oceanside na mkeka laini wa Sinapati, ule wa harusi yetu. Nikakaa kwenye nyasi mbele ya mlango wake, nikajifunika mkeka kichwa mpaka magoti, nikanyamaza. Ndivyo aliyekosa anavyokaa kwetu, mpaka aliyekosewa atoke amfunue, au amwache. Mabomba ya jirani ya kumwagilia yakanilowesha upande mmoja. Mbwa akaja akaninusa, akaondoka. Nikasikia pazia likivutwa, likarudishwa. Jua likapanda, mkeka ukawa moto kama bati.

Saa nne hivi mlango ukafunguliwa.

"Ulimwambia nini yule mama mbunifu?" Sauti ya Luaipou ilikuwa juu yangu.

"Nilimwambia ni pambo tu."

"Kwa mdomo wako?"

"Kwa mdomo wangu. Lakini Dahl alikuwa amesimama pale, Luaipou. Alijua. Yeye ndiye mkubwa. Ilikuwa juu yake kusema."

 Akauinua mkeka, akaukunja vizuri, akauweka kwapani.

"Nimekufunua kwa sababu jua ni kali, na dada yangu angenilaumu ukianguka hapa. Mengine bado." Akageuka kuingia, akasimama mlangoni. "Niambie kitu kimoja. Kama Dahl asingekuwepo siku ile, yule mama akakuuliza mkiwa wawili tu, ungesema ni cha nani?"

 Yeye akasubiri, mkono kwenye kitasa.

Imepita miaka sasa. Mkeka bado uko kwake, na kila nikimpigia simu, kabla ya salamu, ananiuliza lile lile. Ungesema ni cha nani?